Nilikuwa naandika "Amina" huku siombi: nguvu mpya haziji zote siku moja

Ngoja nianze na aibu yangu ndo tuendelee. Kuna kipindi nilikuwa naongoza kikundi cha maombi, na kikundi kina grupu la WhatsApp, na humo watu wanaleta mahitaji yao, huyu mtoto anaumwa, yule kasimamishwa kazi, mwingine ndoa inayumba. Asubuhi moja nimekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni nyingine mkononi, nikafungua simu nikakuta mahitaji kumi na nne yameingia usiku. Nikashuka nayo moja moja nikiandika "Amina, tuko pamoja kwenye maombi" na vile viganja viwili vya emoji. Yote kumi na nne. Sikuomba hata moja. Nikamaliza, nikavaa soksi ya pili nikaenda kazini.

Hapo ndo nikajua nimekauka. Sio kwamba nilikuwa nimemwacha Mungu au nimerudi dunia kama wanavyosema, hapana, ibada nilikuwa nahudhuria, sadaka natoa, nikipewa kipaza sauti naomba vizuri tu mpaka watu wanalia. Ila ndani hakuna kitu. Kama bomba unalifungua linakoroma tu hewa.

Chanzo chake nikikueleza unaweza kushangaa, maana kilianza na ushindi. Miezi kadhaa nyuma daktari alinishika shingo akakuta uvimbe, wakakata kinyama kidogo kikaenda kupimwa, tukaambiwa tusubiri wiki mbili. Zile wiki mbili niliomba kama mtu anayezama, nikafunga, mke wangu akafunga, kikundi kikakesha. Majibu yakaja, sio kansa. Jumapili nikasimama mbele nikatoa ushuhuda, vigelegele, watu wananikumbatia. Basi siku chache baada ya ule ushuhuda nikashtuka saa tisa usiku moyo unakwenda mbio, jasho, mikono inatetemeka, naogopa na sijui naogopa nini. Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Majibu yalikuja mazuri lakini hofu haikuondoka, na mimi nimeshashuhudia mbele ya kanisa zima, sasa narudije kusema jamani bado naogopa? Nikanyamaza. Nikawa nachoka kwa kuogopa na nachoka zaidi kwa kuficha, na hiyo ya pili ndo iliyonimaliza, nakwambia ukweli.

Kilichonitoa hakikuwa semina. Kuna mama mmoja mtu mzima pale kanisani, sio mchungaji wala nani, alinipigia kuniuliza kama nitaongoza mkesha wa Ijumaa. Sijui ilinitokaje, nikamwambia mama mimi siwezi, sina maombi tena. Nikasubiri aanze kunikemea pepo la uchovu. Akakaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Umekula leo, mwanangu?" Nikasema bado. Ilikuwa saa mbili usiku. "Na jana ulilala?" Nikasema kidogo. Akasema, "Basi kale, ulale. Ijumaa nitaongoza mimi. Ukiamka usome habari za Eliya, ila usome taratibu usikimbilie moto."

Nilikuwa nimeihubiri ile habari, 1 Wafalme 18 na 19, na kila mara nahubiri mlima Karmeli, Eliya ameomba moto umeshuka, manabii 450 wa mungu Baali wameaibika. Safari hii nikaanzia siku iliyofuata. Malkia Yezebeli anatuma mjumbe mmoja tu, meseji moja ya vitisho, na yule mtu aliyesimama peke yake mbele ya taifa anakimbia. Anafika Beer-sheba anamwacha mtumishi wake hapo (hebu ona hilo, mtu akichoka hivi kitu cha kwanza anachofanya ni kuwaacha watu wake), anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, anaomba afe. "Yatosha." Nabii huyo anasema yatosha.

Sasa angalia Mungu anafanya nini. Hamkemei, hamwambii imani yako iko wapi jana si uliona moto. Anamwacha alale. Malaika anamgusa, inuka ule, kuna mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, na halafu, hiki kipande nilikuwa narukaga siku zote, analala TENA. Hata mara ya pili malaika hamlaumu, anamwambia inuka ule maana safari hii ni kubwa mno kwako. Yaani mbingu zenyewe zinakiri kwamba safari ni kubwa kuliko yeye. Swali la "unafanya nini hapa, Eliya?" linakuja baadaye sana, baada ya siku arobaini za kutembea, akiwa mlima Horebu, na hata akijibu kwa malalamiko yale yale mara mbili neno kwa neno hafukuzwi, anasikia ile sauti ndogo ya utulivu halafu anapewa kazi, anapewa Elisha wa kutembea naye, na anaambiwa wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Alidhani yuko peke yake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza utaonekana sio wa kiroho kabisa. Kama umekauka, usianze kwa kujiongezea mzigo. Watu wakisikia wamepoa wanajiwekea ratiba ya kuamka saa kumi, mfungo wa siku ishirini na moja, sura kumi kwa siku, siku ya nne wameanguka wanajichukia. Mimi nilifanya hivyo mara mbili. Mfungo ni kitu kizuri lakini mtu aliyezimia humpi mazoezi. Lala kwanza. Kula. Simu weka chumba kingine. Ukilala kwa amani ukimwachia Mungu zamu ya usiku hiyo nayo ni imani, na pengine ni imani kubwa kuliko kukesha ukikagua kila kitu mwenyewe.

Lingine, niache kidogo niseme kuhusu tai maana linanikera. Kuna ile hadithi inazunguka sana makanisani na kwenye mitandao, eti tai akifika miaka arobaini anajificha mlimani, anajigonga mdomo kwenye mwamba mpaka unang'oka, anasubiri mwingine uote, anang'oa kucha na manyoya, miezi mitano baadaye anaruka upya anaishi miaka thelathini zaidi. Nimeihubiri hiyo pia, Mungu anisamehe. Sio kweli. Tai asiye na mdomo miezi yote hiyo atakufa njaa, hakuna tai anayefanya hivyo. Na ubaya wa ile hadithi sio uongo wake tu, ni kwamba inakufundisha kuwa nguvu mpya zinapatikana kwa wewe kujiumiza vya kutosha.

Tai wa kweli anafanyaje? Anabadilisha manyoya kidogo kidogo, moja hapa, jingine kule, na kwa wale tai wakubwa kuyamaliza yote kunaweza kuchukua zaidi ya mwaka, na muda wote huo anaendelea kuruka. Ukimwona angani hata huwezi kujua kuna unyoya mmoja haupo. Zaburi 103 inaposema ujana wako ukarejezwa kama tai mimi siku hizi nasikia hiyo, unyoya kwa unyoya. Na kupaa kwenyewe hapai kwa misuli, jua likishapasha ardhi hewa ya joto inapanda, yeye anatandaza mbawa anazunguka nayo mpaka juu. Saa ambayo hiyo hewa haijaanza kupanda, ametulia zake anasubiri. Ndo maana Isaya 40:31 haianzi na kuruka, inaanza na kungoja: "Bali wao wamngojeao BWANA watapata nguvu mpya, watapanda juu kwa mbawa kama tai, watapiga mbio, wala hawatachoka, watakwenda kwa miguu, wala hawatazimia."

Ile "watapata nguvu mpya" kwa Kiebrania shina lake ni la kubadilisha, ndo shina hilo hilo linalotumika Mwanzo 41:14 Yusufu alipotolewa gerezani akabadili nguo zake kwenda kwa Farao. Mi hii ilinigusa sana. Maana nilikuwa naomba Mungu aniongezee nguvu, kama kuchaji simu, nguvu zangu zile zile ziongezeke asilimia. Kumbe ni kuvua na kuvaa. Na huwezi kuvaa nyingine kama hii hutaki kuivua, ile shati ya "mimi ndo kiongozi, mimi siogopi" niliing'ang'ania wakati inanuka jasho.

Halafu angalia mpangilio wa ule mstari, unashuka badala ya kupanda, kuruka kisha kukimbia kisha kutembea. Zamani niliona umekaa vibaya. Sasa nadhani kutembea ndo kugumu kuliko vyote, maana kuruka ni siku ya mkutano, kutembea ni Jumanne asubuhi na soksi mkononi.

Kuhusu hofu yenyewe. Nilikuwa naambiwa, na mimi nawaambia watu, ukiamini huogopi. Lakini Daudi kwenye Zaburi 56:3 anasema "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Siku ya hofu, sio siku hofu ikiisha. Vyote viwili vipo kitanda kimoja. Huo ndo mstari nilioanza kuutumia ile saa tisa usiku, kwa sababu ni mfupi na saa hiyo akili haiwezi kitu kirefu, nakaa, naweka miguu sakafuni niisikie baridi, navuta pumzi taratibu nasema "siku ya hofu yangu", natoa pumzi nasema "nitakutumaini wewe". Hivyo tu. Sikemei, sibishani na mawazo, maana niligundua nikianza kubishana na hofu nafika saa kumi na moja bado tunajadiliana. Siku za mwanzo haikusaidia kitu. Wiki ya pili kama ya tatu nikaona moyo unarudi chini mapema kidogo. Unyoya mmoja.

Na mwambie Mungu ukweli hata kama sentensi ni mbaya. Sala yangu ya kwanza ya kweli baada ya miezi ilikuwa "Bwana sina hamu na wewe leo na naogopa." Nilijisikia vibaya kuisema. Lakini Zaburi ya 88 inaisha na giza, haina hata mstari wa kufunga kwa sifa, na iko ndani ya Biblia, hakuna aliyeifuta. Ukishasema ukweli angalau mnaongea watu wawili waliopo.

Kuna wanaosikia aibu kuomba kupumzika huduma. Wasome 1 Samweli 30. Daudi ana watu 600, wamekuta mji wao wa Siklagi umechomwa, wamelia mpaka nguvu zimewaisha, wanaanza kufukuza maadui na kwenye kijito cha Besori watu 200 wanashindwa, wamechoka, hawavuki. Wanabaki na vyombo. Wenzao wakirudi na nyara kuna wenye roho mbaya wanasema hawa wasipewe kitu. Daudi akakataa, akasema aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo fungu lao ni moja, na akaifanya kuwa sheria katika Israeli. Nikamwomba kiongozi wetu miezi mitatu ya kukaa na vyombo. Nilidhani atanishusha thamani. Alisema tu "sawa, mtumishi", akaongeza kwamba yeye mwenyewe hajapumzika miaka minne, halafu akaangalia pembeni. Hilo niliondoka nalo.

Na kitu kimoja naomba usikichukulie kama ukosefu wa imani. Kama usingizi umegoma wiki nyingi, moyo unakwenda mbio bila sababu, au mawazo ya kutaka kufa yanakujia kama yalivyomjia Eliya, mwambie mtu leo, na nenda kwa daktari. Mi nilienda. Nilikaa pale kwenye benchi nikijiona msaliti wa ushuhuda wangu mwenyewe, daktari akaniambia kwamba mwili uliokaa kwenye hofu kwa muda mrefu huwa haujui mara moja kuwa hatari imepita, unaendelea kulinda mlango. Akanipeleka kwa mtu wa ushauri nasaha. Malaika alileta mkate na maji, vitu vya mwili kabisa, sioni kwa nini asilete na mtu mwenye koti jeupe.

Ukiwa wewe ndo rafiki wa mtu wa namna hii, tafadhali usimtumie mistari kumi kwa mpigo. Musa alipokuwa ameinua mikono huku vita vinaendelea, mikono ilipokuwa mizito Haruni na Huri hawakumhubiria, walitafuta jiwe akakaa, wakashika mikono huku na huku mpaka jua likachwa. Tafuta jiwe.

Niko wapi sasa? Kikundi nimerudi, ila siongozi peke yangu, tuko watatu tunapokezana. Kwenye grupu sijibu tena kila hitaji, nachagua mawili au matatu, naweka simu chini naomba kwa kutaja jina, ndo naandika Amina. Kuna aliyelalamika kwamba nimepoa siku hizi. Juzi nimeshtuka tena saa tisa usiku, moyo mbio, kama zamani. Nikaweka miguu sakafuni. Mke wangu akauliza nusu usingizini, "Imekuja?" Nikasema ndiyo. Akanyoosha mkono akanishika mgongo bila kufungua macho, tukakaa hivyo, mimi nasema ule mstari, na sijui ilikuwa saa ngapi niliporudi kulala.