Umeme wangu umekwenda wapi, fundi?

Wiki hii mmeuliza: "Shuleni tulifundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamii, hubadilika umbo tu. Sasa tukinunua umeme ukatuishia, tumetumia nini?" Mimi si mwalimu wa fizikia. Ni fundi wa friji hapa Tanga, na swali hili niliulizwa kabla yenu na mama mmoja anayeuza barafu na juisi ya ukwaju.

Aliniita kwa sababu friza lake halishiki na uniti zinakwisha mbio. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa pili, na joto la Tanga la mwezi wa pili mnalijua. Nikamkuta ameliacha friza wazi, amekaa mbele yake kwenye kigoda, anajipepea kwa ncha ya kanga. "Napooza chumba kidogo, fundi."

Nikamwomba apeleke kiganja nyuma ya friza. Alikirudisha upesi. Kule nyuma palikuwa pamoto kama ubavu wa jiko.

Friza halitengenezi baridi. Linachota joto la ndani na kulimwaga nje, na ile kazi ya kuchota inakula umeme, ambao nao unaishia kuwa joto kulekule nyuma. Ukiacha mlango wazi, joto linalochotwa mbele linarudishwa chumbani kwa mgongo, na juu yake unaongezewa umeme wote ulioliwa na kompresa, ile pampu ya friza. Badala ya kupoa, chumba kinazidi kuchemka.

"Sasa umeme wangu umekwenda wapi?"

"Haujaenda mbali, mama. Umo humu humu, kwenye hewa, kwenye kuta, mpaka kwenye hilo bati."

"Basi nirudishie."

Na hapo ndipo penye swali lenu. Umeme wake haukupotea hata chembe, ila umetawanyika. Ni kama kibaba cha chumvi ulichokimwaga baharini pale Raskazone: chumvi ipo yote, haya, kaichote.

Uniti moja ya umeme ni jouli milioni 3.6. Ukiitumia yote kunyanyua, bila hasara, inatosha kumpandisha mtu wa kilo 62 kutoka usawa wa bahari hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Uniti hiyohiyo ukiitia kwenye birika la umeme, inachemsha maji lita 11 hivi, ndoo ndogo ya kuogea. Yaache maji hayo uani mpaka jioni. Joto lake limeingia hewani, kiasi ni kilekile, na halina nguvu ya kunyanyua hata paka.

Mfano ninaoupenda zaidi ni maji ya Ruaha Mkuu. Yanazungusha mitambo ya Mtera yenye megawati 80, yanateremka hadi Kidatu yanazungusha mingine ya megawati 204, halafu yanaingia Rufiji na kukutana na bwawa la Julius Nyerere. Maji yaleyale, mara tatu. Acha yanayopaa kwa jua na yanayonyweshea mashamba. Mitambo yenyewe hainywi hata tone. Inachokula ni kimo. Maji yakishafika baharini kuielekea Mafia ni maji bado, ila hayana tena pa kuteremkia, mpaka jua liyapandishe mawinguni upya. Hata bei tunayolipa, kwa fikra zangu, ni bei ya mteremko.

Watu wa ufundi husema friji fulani "linakula sana umeme", na wasomi wakatucheka. Mimi naona neno limekaa mahali pake. Ugali ukiliwa haupotei, unaishia kuwa joto la mwili. Mtu mzima aliyekaa kitako anatoa joto linalokaribia la balbu ya wati 100, zile za zamani. Sheria yenyewe, ile ya nishati kutoangamia, ilianzia kwenye mwili, ati. Daktari Mjerumani, Julius Robert Mayer, alifika Java mwaka 1840 na meli ya Kiholanzi. Alipowatoa mabaharia damu, tiba ya siku zile, akakuta damu ya vena, ile inayorudi moyoni, ni nyekundu mno, karibu na ya ateri, ile inayotoka moyoni. Akawaza: katika nchi ya joto mwili hauna haja ya kuunguza chakula kingi ili ujipashe, ndiyo maana oksijeni, inayoipa damu wekundu, inabaki humo. Mawazo hayo yakampeleka mbali, na mwaka 1842 akaandika kwamba kazi na joto hubadilishana kwa kipimo maalumu. Kile kutawanyika kulikompotezea mama uniti zake kulipata kipimo na jina baadaye, mwaka 1865, Rudolf Clausius alipokiita entropi. Shuleni kwetu tulikariri ile ya kwanza tukaiacha hii ya kutawanyika, kisha tunashangaa mita inasoma nini.

Tatizo la friza, kama mnataka kujua, lilikuwa mpira wa mlango uliochanika, na vumbi la miaka mingi kwenye nondo za nyuma zinazomwaga joto. Nikasafisha, nikabadilisha mpira, nikalisogeza mbali na ukuta lipate kupumua. Mama akafunga mlango, akawasha feni, akaielekeza usoni.

"Hii sasa ndiyo inapooza chumba," akasema.

Alikuwa bado hajanilipa, nikanyamaza.