Kabla hujaongeza lenzi, kazipekue kwanza picha ulizozitupa

Hii nawaandikia nyie mnaoanza, hasa mlioshika kamera kwa mapenzi tu bila kutafuta wateja, na sa hivi mmefika ile hatua ambayo kila usiku unaangalia watu wakifungua maboksi ya lenzi mpya, mpaka unaanza kuona kamera yako haina maana tena. Sitakuambia eti kamera si kitu, jicho ndo kila kitu, maana hiyo ni nusu ya ukweli na nusu hiyo imewachelewesha wengi. Vifaa vina kazi yake. Ndege aliye juu ya mti wa mbali humpati kwa lenzi ya 35mm hata uwe na jicho la namna gani.

Ninachotaka ushike ni hiki: kifaa kinachofuata usikichague kwa kuangalia picha nzuri za wenzako, kichague kwa kuangalia picha mbovu za kwako.

Kwa hiyo usifute kila kitu. Tengeneza folda moja, weka humo zile picha ulizozitaka kweli zikakuponyoka (zile ulizobonyeza kwa bahati mbaya futa tu), halafu kila moja iandikie sababu kwa maneno mawili matatu. Imetikisika. Mtoto kakimbia. Chenga nyingi (vile vidoti vinavyojaa picha ya gizani). Fokasi imeshika sikio badala ya jicho. Nilikuwa mbali. Nyuma kuna vurugu. Nimechelewa kubonyeza. Basi, usiandike insha.

Na hapo kwenye sababu usibahatishe, izumu picha mpaka asilimia 100 uangalie vizuri. Kama kila kitu kimejivuta kuelekea upande mmoja, ukuta, meza, mtu, vyote, huo ni mkono wako. Kama ukuta umetulia vizuri ila mtu ndo kafutika, basi mkono hauna kosa, shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga) ilikuwa ya taratibu kuliko mwendo wake. Na kama kuna sehemu nyingine kwenye picha iko kali kabisa, mfano nywele au kola ya shati, wakati jicho limefifia, hapo fokasi ilienda sipo. Hizi tatu mtu anayeanza anaziita zote "picha haijatoka kali", anaenda kununua dawa moja, na kila moja ina dawa yake. Kitulizi cha ndani ya bodi (yaani kamera yenyewe bila lenzi) au ndani ya lenzi, kwa mfano, kinasaidia mkono unaotetemeka, ila hakimzuii mtoto anayekimbia hata kidogo.

Tuchukue huyo mtoto maana ndo picha inayowasumbua wengi. Jioni, ndani, taa za kawaida, una ile lenzi iliyokuja na kamera, ukizumu mpaka mwisho inakupa apacha ya f/5.6 (apacha ni tundu la lenzi linalopitisha mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa). Umepandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 6400 na bado shata inasoma 1/40 ya sekunde. Mtoto kafutika na chenga zimejaa. Wengi hapa wanaamua wakanunue bodi ya ful-fremu. Haya tupige hesabu. Sensa, ile sehemu inayopokea picha ndani ya kamera, kwenye ful-fremu ni milimita 36 kwa 24, hizi ndogo za APS-C, zilizo kwenye kamera nyingi za wanaoanza, ni kama 23.5 kwa 15.6, eneo ni kama mara 2 na kitu, kwa hiyo faida yako kwenye chenga ni kama stopu moja na chembe (stopu moja ni mwanga mara 2). Sasa chukua lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo karibu kila kampuni inayo na mara nyingi ndo kati ya lenzi zao za bei ya chini kabisa. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara 10. Ile 1/40 inakuwa karibu 1/400, kwa ISO ile ile, bodi ile ile! Kwa 1/400 mtoto wa kawaida anayecheza anatulia kwenye picha. Utalipia kwa kitu kingine, eneo lililo kwenye fokasi linakuwa jembamba kwelikweli, jicho moja likishika la pili linaweza kufifia, inabidi ujifunze kuliishi hilo.

Halafu ukishaonja f/1.8 kiu ya f/1.4 inakuja yenyewe. Tofauti yao ni theluthi mbili za stopu. Ndo hiyo tu, na unalipa uzito na hela nyingi. Kuna watu wanaihitaji hiyo theluthi mbili, mtu anayepiga jukwaani gizani anaihitaji. Wewe angalia folda yako inasemaje.

Na kabla hata ya lenzi kuna dirisha. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu mwanga ndo kitu ambacho wanaoanza wanakiruka na ndo chenye faida kubwa kuliko vyote. Sogeza mchezo wa mtoto karibu na dirisha mchana, zima taa za ndani ili rangi zisigombane, simama wewe ubavuni mwa dirisha, piga. Kwa flashi ndogo kanuni iko wazi zaidi: ukiiweka mbali mara 2, mwanga unaomfikia unayempiga unabaki robo. Mtu akilielewa hilo anaacha kulalamika kwamba flashi yake haina nguvu, anaisogeza tu. Flashi moja iliyotumika, ukaipiga kwenye dari au ukuta mweupe, inabadilisha picha za ndani kuliko bodi mpya utakayonunua.

Megapikseli tuzipite haraka. Megapikseli 24 ni pikseli 6000 kwa 4000. Skrini ya 4K nzima ina kama milioni 8.3 tu. Kuprinti A4 kwa ubora wa juu, yaani nukta 300 kwa inchi, unahitaji kama 8.7, na A3 kama 17.4. Kwa hiyo hata bodi ya zamani ya 24 inakutosha kwa ukutani. Ukihama kwenda 45 unasikia kama umepata mara 2, lakini upana wa picha unaongezeka kama asilimia 37 tu, ila diski zinajaa na kompyuta inaanza kukohoa. Zinafaa kama unakata sana picha zako au unaprinti makubwa.

Turudi kwenye "nilikuwa mbali". Hii sababu ina sura mbili. Kuna mbali ya aibu, yaani uliogopa kumsogelea mtu ukasimama upande wa pili ukazumu, na hiyo lenzi ndefu haiitibu, inaificha. Na kuna mbali ya kweli, ndege, mnyama, mpira uwanjani ambako huruhusiwi kuvuka mstari. Hapo nunua lenzi ndefu bila kujilaumu. Ila hapa ndo nimeona watu wanaumia: lenzi ya 300mm kwenye bodi ya APS-C inaona kama 450mm ya ful-fremu. Mtu anapiga ndege vizuri na APS-C yake, anashawishika kwamba ful-fremu ndo ya wakubwa, anahama na lenzi ile ile, na ndege wake wanakuwa wadogo kwenye fremu kuliko zamani. Ametoa hela nyingi na karudi nyuma. Sasa anatafuta 500mm.

Kitu kingine cha kufanya leo hii bila kununua chochote: kila faili ya picha inahifadhi ndani yake lenzi iliyotumika, milimita, apacha, shata na ISO. Programu nyingi za kuediti zinakuruhusu kuchuja kwa hizo taarifa. Chuja zile picha zako bora, uone zimelala wapi. Kuna mdogo wangu mmoja kwenye hii hobi alikuwa haongei kitu zaidi ya 70-200 f/2.8, tulipofungua picha zake alizozipenda mwenyewe karibu zote zilikuwa kati ya 24 na 35. Ni mtu wa kusogea, anapenda mtu na mazingira yake. Lile lenzi zito lingekaa ndani ya begi. Alichukua praimu moja (lenzi isiyozumu) ndogo pana na sa hivi anatoka na kamera kila siku kwa sababu haimchoshi bega.

Kuhusu wakongwe, wengi wanawatumia kuwatisha wanaoanza, "fulani alikuwa na kamera mbovu na angalia kazi yake". Sio kweli mara zote. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alikuwa na kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18, kifaa cha maana kabisa. Kinachonigusa mimi ni vitu vilivyoizunguka hiyo kamera: mwanga wa jua wa uani, shuka la kitanda lenye marembo nyuma ya mteja, na mara nyingi picha moja tu kwa mteja kwa sababu filamu ni gharama. Alikijua kifaa chake mpaka mkono haukuuliza tena. Huo ujuzi wa mkono haujengeki ukibadilisha bodi kila toleo jipya likitoka, kwa sababu kila mara unaanza upya kutafuta vitufe wakati tukio linapita.

Sasa lini bodi mpya ni haki yako? Folda ikijaa "fokasi imekosa" kwenye vitu vinavyotembea, na umeshajifunza kuendesha fokasi uliyonayo, basi miralesi (kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani) za sasa zinazofuata jicho la mtu au mnyama ni tofauti kubwa sana, hilo nalisema bila kusita. Na usiogope lenzi zako za zamani. Canon walikuwa na mfumo wa lenzi wa EF tangu 1987 wakaja na RF ya miralesi mwaka 2018, Nikon walikuwa na F tangu 1959 wakaja na Z ya miralesi mwaka huo huo 2018, na kwenye miralesi umbali kutoka lenzi hadi sensa ni mfupi, kwa hiyo adapta inaingia hapo katikati bila kioo chochote cha ziada na picha haipotezi ubora. Ila kwa watu wa Nikon, zile lenzi za AF-D zisizo na mota ndani hazitashika fokasi zenyewe kwenye FTZ, adapta ya Nikon wenyewe, utazungusha kwa mkono.

Kama moyo unataka tu, hakuna folda wala sababu, unapenda vyuma na vioo, hilo nalo halina ubaya, mi mwenyewe napenda sauti ya shata nzuri. Litengee hela yake pembeni na uliite kwa jina lake, usijidanganye kwamba unanunua picha bora. Na kabla ya kutoa hela kodi au azima hicho kifaa mwishoni mwa wiki, utoke nacho kupiga vile vitu unavyopigaga kila siku.

Ukinunua kilichotumika, chukua tochi. Mulika lenzi kutoka nyuma huku apacha ikiwa wazi, angalia kama kuna nyuzinyuzi kama za buibui, hizo ni fangasi, iache hata kama bei inavutia. Mapanga ya apacha yawe makavu, yakiwa na mafuta yataanza kunata. Kwa bodi, weka f/16, toa fokasi, piga ukuta mweupe, madoa meusi utakayoyaona ni uchafu juu ya sensa, mengi yanasafishika ila mkwaruzo haufutiki, kwa hiyo omba muuzaji asafishe mbele yako halafu upige tena. Uliza na idadi ya mibofyo ya shata, na muuzaji akisita kukuonyesha, mrudishie kamera yake.