Maswali ya Wasomaji: Tafakuri Kabla Riwaya Haijaisha

SWALI: Kila nikimaliza sura ya riwaya huandika tafakuri fupi daftarini. Nikizisoma baadaye naona nimesimulia hadithi upya tu. Tena, nikifika mwisho wa kitabu, mengi niliyoyaandika mwanzoni hayasimami. Niyafute, au ningoje hadi nimalize kusoma?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Usifute, wala usingoje. Ukishaujua mwisho, ni vigumu mno kukumbuka ulivyomwona mhusika kabla hujaujua.

Kinachokurudisha kwenye usimulizi ni kujiuliza "nini kimetokea?" Jiulize "nini kimenisumbua, na kwa maneno gani ya mwandishi?" Chukua *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi. Mapema tu Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukiandika "Zakaria kampiga Rosa kwa ajili ya barua", hilo kitabu kimeshalisema. Andika hivi: "Baba mlevi ndiye anayejifanya mlinzi wa heshima ya binti. Rosa anamwogopa. Akiwa mbali na nyumbani, woga huu utamlinda au utamponza?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Rosa akishafika chuoni utalirudia, na utakuwa na la kusema.

Sentensi nne hadi sita zinatosha. Zikizidi, usimulizi huanza kupenya. Funga kitabu kwanza, andika papo hapo, kisha kifungue uhakiki maneno uliyonukuu. Weka tarehe, sura na ukurasa. Usiache sura, maana kurasa hubadilika toleo hadi toleo. Theluthi ya kulia ya ukurasa wa daftari iache wazi: ukibadili mawazo, andika hapo kwa kalamu ya rangi nyingine, na tarehe yake. Uliyoyaandika kwanza yabaki yalivyo, hata kama sasa unaona ulimwonea mhusika.

Si lazima kila sura. Andika pale ulipokasirika, uliposhtuka au ulipochoka. Naam, hata uchovu uandike, pamoja na ukurasa ulipoanzia. Mara nyingi ndipo mwandishi alipoanza kuhubiri.

Jihadhari na utangulizi wa mhakiki, kwani aghalabu hufichua mwisho. Usome baada ya riwaya. Na kitabu kikiwa cha kuazima, usichore pambizoni hata kwa penseli. Chomeka vipande vya karatasi.