Kupiga picha nebula M27 ukiwa katikati ya mataa ya Dar

Wadau mnaoanza, naona wengi mnakata tamaa eti mpaka uende porini ndo upate picha ya maana. Kwa galaksi sawa, mataa ya mji yanazimeza, ila nebula za kisayari, yaani gesi iliyotoka kwenye nyota inayokufa, mwanga wake umejibana kwenye rangi chache tu, mtaalamu wa nyota William Huggins aliliona hilo tangu 1864 alipoelekeza spektroskopu yake (chombo cha kutenganisha rangi za mwanga) kwenye nebula moja ya aina hiyo, NGC 6543, akakuta mistari michache badala ya rangi zote, na sisi wa mjini pona yetu iko hapo hapo.

Kwa hiyo ukishapata kamera na maunti (kishikizi kinachoizungusha kamera kufuata nyota), hela inayofuata weka kwenye filta ya bendi mbili, inayopitisha oksijeni kwenye nanomita 500.7 na hidrojeni kwenye 656.3, mengine karibu yote inayazuia. Taa za sodiamu za njano inazikata vizuri, hizi LED nyeupe ndo sumbufu maana zinamwaga mwanga kwenye kila rangi, lakini hata hapo unaweza kuacha shata wazi dakika 2 au 3 na nebula ikaonekana.

Anza na M27, nayo ni nebula ya kisayari. Mtaalamu wa nyota Charles Messier aliigundua 1764, ndo ya kwanza ya aina yake kujulikana, na inang'aa. Mwishoni mwa Agosti ukiwa Dar inafika nyuzi 60 hivi upande wa kaskazini mida ya saa nne usiku. Helix, nebula nyingine ya kisayari, msiikimbilie, najua inapita karibu na utosini na picha zake zinatamanisha, ila mwanga wake umetandazwa eneo kubwa mno. Kamera ya kawaida ambayo haijafanyiwa modi (kutolewa filta ya kiwandani inayozuia nyekundu) inapoteza nyekundu nyingi ya hidrojeni, oksijeni inapita vizuri, na M27 ina oksijeni ya kutosha.

Sasa maunti, hapa ndo video za Ulaya zinatupoteza. Ili maunti ifuate nyota lazima uilenge kwenye ncha ya anga, wao wanakwambia lenga Polaris, nyota ya ncha ya kaskazini, wakati Dar haionekani, na ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 7 tu kutoka kwenye upeo, yaani nyuma ya ghorofa la jirani. Tumieni NINA, programu ya kompyuta ya kuendesha kamera na maunti, na ile plagini yake ya pointi tatu, inapiga picha tatu sehemu yoyote ya anga halafu inakuonyesha uzungushe skrubu ipi, kiasi gani. Na kabla hujanunua uliza maunti inashuka mpaka nyuzi ngapi, baadhi zinagoma kabla ya kufika 7.

Halafu muda jamani. Ukitaka kelele (zile chenga kwenye picha) zipungue nusu unahitaji picha mara nne, kwa hiyo rudi kwenye M27 hiyo hiyo usiku wa pili na wa tatu badala ya kurukia kitu kingine. Lenzi ifungie mkanda wa joto, umande wa pwani hauna huruma, na flati (picha za uso wenye mwanga sawa, za kufuta alama za vumbi) zipige usiku huo huo kabla hujagusa fokasi wala kuzungusha kamera, maana anga ya mji ikiwa na mwanga hivi kila vumbi kwenye sensa linatokea.