LoRa haifiki mita 200: tazama shaba chini ya antena

Ndugu yangu wa Mtwara, umesema kipima unyevu chako cha ghala la korosho, kinachotuma data kwa LoRa (redio ya kufika mbali kwa umeme kidogo) ya megahezi 868, kinakatika kabla ya mita 200, ukashuku mabati ya paa. Mabati yana mchango, lakini picha yako inaonyesha graundi (shaba ya upande hasi wa saketi) imepita chini kabisa ya antena ya chipu, ile ndogo iliyobandikwa kwenye bodi. Toa shaba hiyo kwenye tabaka zote mbili za bodi, kwa vipimo vya karatasi ya data ya antena. Ikibaki, antena inahama masafa yake ya mawimbi (frikwensi) na nguvu inaishia kwenye bodi.

Halafu ile njia ya shaba yenye upana wa milimita 0.3 kutoka redio hadi antena haina ukinzani (impedansi) wa omu 50 unaotakiwa. Kwa FR4 (bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo) ya tabaka mbili yenye unene wa milimita 1.6, unatakiwa upana wa karibu milimita 3. Ukiweka graundi pembeni yake upana unapungua. Tumia kikokotoo cha KiCad, programu ya kuchora bodi. Graundi iliyo chini ya njia hiyo isikatwe hata na waya mmoja.

Acha nafasi tatu za kapasita na koili za kurekebisha antena karibu nayo, kisha pima kwa NanoVNA (chombo kidogo cha kupima antena) kifaa chako kikiwa ndani ya boksi lake, maana plastiki hushusha frikwensi ya antena. Kabla ya kuuza, omba idhini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.