Siku za kwanza mjini baada ya safari ndefu ya ndege

Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kuanza kuzunguka mji siku ileile unayoshuka kwenye ndege. Inafaa sana, ila tembea kwa miguu, karibu na ulipofikia, tena mchana, kwa sababu mwanga wa jua ndio unaoisaidia zaidi saa ya mwili, yaani mpangilio wa ndani wa kulala na kuamka, ambayo kwa kawaida huzoea tofauti ya saa kati ya ulikotoka na ulikofika kwa takriban saa 1 kwa siku, na huchelewa zaidi kwa aliyesafiri kuelekea mashariki. Usingizi ukikuzidi, lala dakika 20 tu. Mimi nilijitupa kitandani viatu vikiwa miguuni, nikazinduka saa 8 usiku, usingizi umeniruka kabisa, na siku mbili zilizofuata zikaharibika. Ziara za kulipia mapema ziache hadi siku ya 3.