ULIZA ANKO: Kadi ngumu, fotokopi laini

Wiki hii simu yangu imejaa meseji za vitambulisho tu, sijui kumetokea nini mjini. Kwa wageni wa safu hii, mi nilikuwa na stesheneri Kariakoo miaka 11, fotokopi, kulamineti, picha za pasipoti za chapchap, kwa hiyo leseni na vitambulisho vya watu vimepita mkononi kwangu mpaka nilikuwa naviota. Nimechagua maswali matano, mengine yamefanana sana, msinune.

Anko shikamoo. Nina nyumba Mbagala, nimepangisha vyumba sita. Alikuja kijana mmoja na dalali, akanipa fotokopi ya kitambulisho cha taifa, akalipa miezi mitatu. Mwezi wa pili tu kaondoka usiku na majiko ya gesi ya wapangaji wenzie. Ile fotokopi nimeipeleka polisi, wanasema namba ni ya mtu mwingine, tena mwanamke. Hivi kitambulisho feki unakijuaje kwa macho? – Mama mwenye nyumba, Mbagala

Marahaba mama, na pole sana, pole na hao wa majiko pia. Ila nikwambie ukweli hata kama unauma, wewe kitambulisho feki hujawahi kukiona. Ulichoona ni karatasi. Yule kijana hakuhitaji kufoji kadi, alihitaji picha yake, namba ya mtu na mashine ya fotokopi, basi.

Kadi ya maana inatengenezwa hivi. Zile nzuri ni za plastiki inayoitwa polikaboneti, tabaka kadhaa zimebanwa kwa joto mpaka zikawa kitu kimoja, alafu picha na jina havichapwi juu kwa wino, vinaunguzwa kwa leza ndani ya plastiki. Mtu akitaka kubandua picha aweke yake hana pa kuanzia, manake hakuna ngozi ya juu ya kubandua, atavunja kadi. Kuna maandishi mengine ukipitisha kidole yanakwaruza kidogo, yameinuka. Kuna mistari myembamba ya mawimbi imepishana nyuma kama kitenge, na ndani ya huo mstari unaweza kukuta herufi ndogo ndogo ambazo bila lenzi huzisomi. Kuna alama inabadilika rangi ukiinamisha kadi. Na kuna wino hauonekani kabisa mpaka umulike na ile taa ya zambarau ya kuangalia noti, ile wanayo wenye maduka mengi tu. Sasa vyote hivyo nilivyotaja, peleka kwenye mashine ya fotokopi uone kinachobaki. Hakibaki hata kimoja. Herufi ndogo zinageuka kuwa mstari mweusi, rangi inayobadilika inakuwa kijivu, na cha kukwaruza kidole hakipo kwa sababu karatasi ni karatasi. Serikali inatumia hela kibao kutengeneza kadi ngumu, alafu sisi tunasema leta kopi.

Niliwahi kukamata feki moja dukani, tena bila kutafuta. Ilikuwa zile leseni za zamani za karatasi, kabla TRA hawajaanza kutoa za plastiki 2010. Jamaa anataka kopi tano, naiweka kwenye kioo, ukucha wangu ukakwama pembeni ya picha. Nikapitisha tena, ukakwama tena. Picha ilikuwa imepandishwa juu ya picha nyingine alafu ikalaminetiwa upya, ukiangalia kwa juu huoni kitu, ila kwa ukucha unasikia kama ngazi. Nilimwangalia, na yeye akaniangalia, akachukua leseni yake akasema anarudi. Hajarudi mpaka leo.

Kwa hiyo mama, mpangaji akija mwambie nataka kadi yenyewe. Ishike. Iinamishe kwenye mwanga wa mlangoni, ipitishie kidole, linganisha sura, na sura angalia masikio na umbali wa macho, usiangalie nywele. Alafu soma namba. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka kwanza, mwezi, alafu siku. Mtu wa tarehe 12 Aprili 1985 namba yake inaanza 19850412. Kama tarehe iliyoandikwa kwenye kadi haifanani na mwanzo wa namba, hapo mazungumzo yameisha. Ukishaifunika muulize tarehe yake ya kuzaliwa, mwenye nayo hafikirii.

Na kuna ujanja wa hapa hapa mjini ambao mi nauamini kuliko hata macho yangu. Chukua namba yake ya simu, jifanye unamtumia hela, jina litakuja kabla hujaweka namba ya siri. Laini zetu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mnakumbuka ile foleni mpaka Januari 2020, kwa hiyo jina linalotokea ni la aliyeweka kidole. Likija jina tofauti na la kitambulisho usimwite mwizi hapo hapo, wapo watu wanatumia laini ya mke au ya kaka, ila ana maswali ya kujibu. Alafu barua ya serikali ya mtaa wa huko anakotoka. Dalali atakwambia mama unachelewesha. Mwache aseme, yeye anachukua mwezi wake mmoja anaondoka, majiko yanaibiwa kwako.

Oya anko, mi boda wa Tabata. Kuna mshkaji ananiambia atanipa leseni bila shule wala nini, kadi orijino kabisa siyo ya kuprinti mtaani, inatoka na chip yake na kila kitu. Ni kweli au ananipiga? – Boda

Ni mojawapo kati ya mawili na yote mabaya. Ama atakupa plastiki nzuri yenye namba ambayo haimo kwenye mfumo, trafiki akiiingiza kwenye mashine yake haileti kitu au inaleta jina la mtu mwingine, hapo umelipa hela ya bure na pikipiki inalala kituoni. Ama kweli ana mtu wa ndani, na kadi inatoka pale pale zinapotoka za watu wote. Hiyo ya pili ndo inanitisha zaidi, maana hakuna hologramu duniani inayoweza kukamata kadi halali iliyotolewa kwa mtu asiyestahili. Kadi iko sahihi, namba iko sahihi, uongo uko kwenye faili. Siku umemgonga mtoto wa watu pale Tabata Relini ndo faili litafunguliwa, watauliza cheti cha shule ya udereva kiko wapi, nani alikupima, na bima nao watauliza hayo hayo kabla hawajalipa shilingi.

Kughushi nyaraka kwenye Kanuni ya Adhabu inafika miaka 7, na anayeitumia akijua ni ya kughushi anahesabiwa sawa na aliyeitengeneza. Vishoka huwa hawakutajii hicho kipande. Nenda shule mdogo wangu, hata kona utajifunza kukata vizuri, boda wa Tabata nawajua.

Mimi niko Sinza, natengeneza programu. Kwa nini hizi kadi zisiwekwe tu QR, mtu askani kwa simu aone kama ni halali? Mbona ni kitu rahisi? – Dogo wa programu

Nakupenda kwa hilo swali ila QR peke yake ni maandishi tu yamevaa suti. Wewe mwenyewe unaweza kutengeneza QR yenye jina la rais sasa hivi na simu itaisoma vizuri tu.

Angalia Marekani. Leseni zao zina msimbo mrefu wa mistari nyuma, unaitwa PDF417, mpangilio wake uko wazi na kila jimbo linaufuata, kwa hiyo wanaofoji leseni kwa ajili ya vijana wanaotaka kununua pombe wanatengeneza na msimbo pia, mwenye baa anaskani, mashine inalia ti, umri umetimia, karibu. Mashine imesoma sawa kabisa alichoandika mwongo.

Pasipoti nazo zina tarakimu ya ukaguzi kwenye ile mistari miwili ya chini. Hesabu yake ni ya shule ya msingi, unazidisha kwa 7, 3, 1 ukirudia rudia, unajumlisha, unachukua tarakimu ya mwisho. Tarehe 850412: 8 mara 7 ni 56, 5 mara 3 ni 15, 0, 4 mara 7 ni 28, 1 mara 3 ni 3, 2 mara 1 ni 2, jumla 104, kwa hiyo tarakimu ni 4. Mtu akijipunguzia miaka 10 akaandika 950412 jumla inakuwa 111, inatakiwa 1, akiacha ile 4 pale anakamatwa na mashine hapo hapo. Lakini nimeshakuonesha hesabu yenyewe kwenye gazeti, si ndiyo? Basi na mfojaji anaijua. Inamkamata mvivu tu.

Kinachofanya kazi kweli ni saini ya kidijitali. Anayetoa kadi anachukua taarifa zako na picha, anazipigia saini kwa ufunguo wa siri, yaani namba ndefu aliyonayo yeye peke yake, saini inakaa kwenye chipu au hata kwenye hiyo QR yako, na anayekagua anatumia ufunguo wa wazi, pacha wa ule wa siri ambao kila mtu anaruhusiwa kuwa nao, kuona kama saini inakubaliana na taarifa. Ukibadilisha herufi moja, inakataa. Pasipoti zetu za kielektroniki, zilizozinduliwa Januari 2018, ziko kwenye familia hiyo. Hapo sasa QR ina maana, na hata mtandao hauhitajiki wakati wa kukagua. Bado mtu anaweza kunakili QR yote kama ilivyo akaibandika kwenye kadi yake, ndo maana picha iliyosainiwa lazima itokee kwenye simu ya mkaguzi, na mkaguzi ainue macho aangalie mtu. Hicho kipande cha kuinua macho hakina programu, dogo.

Na hata ukimaliza yote hayo unarudi kwa boda wetu hapo juu. Wale waliofanya shambulio la Septemba 11, 2001, wote isipokuwa mmoja walikuwa na kitambulisho cha Marekani cha aina fulani, na baadhi walivipata kwa kudanganya makaratasi, kwa mfano kudai wanaishi Virginia wakati hawaishi. Kadi zilitoka ofisini kwenyewe. Ndo ikaja sheria yao ya vitambulisho, REAL ID, mwaka 2005, ikaweka masharti ya kadi ngumu na pia ya kuhakiki cheti cha kuzaliwa na mahali unapokaa kabla ya kukupa, na kuanza kuidai kwenye viwanja vyao vya ndege ilikuwa Mei 2025, miaka 20 wanabishana. Sisi tusicheke sana, 2017 uhakiki wa watumishi wa umma ulikuta 9,932 wana vyeti vya elimu vya kughushi, na vyeti ndo vinavyozaa makaratasi mengine yote.

Anko nimepoteza pochi Mwenge, kitambulisho kilikuwemo. Naogopa mtu atakopa hela kwa jina langu kwenye hizi kausha damu, mikopo ya mtandaoni ya riba kubwa. Nifanye nini? – Dada wa Makongo

Leo hii, siyo kesho, katoe taarifa polisi upate loss ripoti, hiyo ndo itakutetea mtu akifanya ujinga kwa jina lako tarehe za mbele, na bila hiyo hutapewa kadi nyingine. Alafu piga *106# uangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ukiona usiyoijua nenda dukani kwa mtandao huo ifungwe. Rudia baada ya wiki, na baada ya mwezi.

Ila dada nikuulize, kopi za kitambulisho chako ziko wapi? Mi dukani kwangu nilikuwa nafagia kopi zilizoharibika kila jioni, nusu kadi, kadi imetoka kiza, kadi imekatwa kichwa, na kabla sijapata akili zilikuwa zinaenda kwenye maboksi ya taka, na nimeshawahi kununua karanga Msimbazi zimefungwa kwenye barua ya mtu ya kuombea kazi yenye namba zake zote. Kuanzia sasa ukitoa kopi, chora mistari miwili juu ya picha, andika katikati kwa peni ya bluu hiyo kopi ni ya nini, kwa nani na tarehe. "Kwa kupanga chumba Makongo tu." Mwenye ofisi atakukunjia uso, atapokea. Na ukiombwa utume picha ya kadi WhatsApp, andika hivo hivo kwenye karatasi, iweke juu ya kona ya kadi, ndo upige.

Nilamineti leseni isichubuke? – Msomaji, Gongo la Mboto

Hapana. Utafunika sehemu zile zile za kukwaruza kidole nilizomwambia mama wa Mbagala, mkaguzi atadhani unaficha kitu, na kama plastiki yake ni ya kawaida, inaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi wakati mashine ya kulamineti inapita hapo, kadi inatoka imejikunja kama kaukau. Mi nimelamineti mamia kwa shilingi mia tano mia tano, wengine mnaosoma hapa mko humo, mnisamehe.